MAJITAKA YA MJI NA MASHAMBA YA UWANDA: SOMO KUTOKA MALANGALI, SUMBAWANGA

Mwananchi wa mjini kwa kawaida anajua maji yake yanatoka wapi, na yakikatika atauliza. Yakishatumika, hayaulizii tena. Mradi wa maji safi hufunguliwa kwa sherehe, ngoma na hotuba, lakini ni nadra sana utepe kukatwa mbele ya bwawa la majitaka. Hata hivyo kila ndoo inayoingia katika nyumba hutoka tena, karibu yote, ikiwa imebeba sabuni, mafuta, kinyesi na vijidudu. Mji unaoongeza maji safi bila kupanga majitaka huwa umejiongezea majitaka.

Somo hili linaeleza jambo hilo kwa mfano wa Malangali. Malangali inayozungumzwa hapa ni kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, wala si Malangali ya Mufindi yenye shule ya kale inayojulikana na wengi. Sumbawanga imekaa juu ya uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na mwinuko wake hukaribia mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba mbingu hufunga, nyasi hukauka, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi inayomshangaza mgeni wa pwani.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza mji wa mbali kiasi hicho unamhusu nini. Unamhusu kwa sababu jambo kubwa ni moja pande zote mbili. Unguja hunywa maji yaliyomo chini ya ardhi, na katika ardhi hiyo hiyo wakazi wengi huchimba makaro yao. Sumbawanga nayo hutegemea visima virefu, pamoja na chemchemi na vijito vya upande wa milima ya Mbizi, ilhali nyumba nyingi zina vyoo vya shimo. Tofauti iliyopo ni kwamba Mji Mkongwe una bahari ya kumwagia, na kwa muda mrefu umemwaga humo. Sumbawanga haina bahari. Maji yanayoelekea mashariki ya uwanda huteremka genge la Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hubaki humo, isipokuwa maji yanayopaa kwa jua.

Jina Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Uchawi pengine hutupika. Majitaka hayatupiki, kwani kila yanapotupwa ni mahali pa mtu mwingine.

Ardhi moja, kazi mbili

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 209,793 katika Manispaa ya Sumbawanga. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamepita 300,000. Katika miaka ya 2010 mradi uliogharamiwa na Serikali kwa msaada wa Ujerumani, kupitia benki ya KfW, na wa Umoja wa Ulaya uliongeza maji katika miji mitatu ya Kigoma, Lindi na Sumbawanga. Kwa mama aliyekuwa akiamka alfajiri kufuata maji, hilo ni jambo la kushukuru. Lakini nyumba iliyokuwa ikitumia ndoo nne kwa siku ikipata bomba uani hutumia ndoo kumi, na ikijenga choo cha kuvuta hutumia zaidi. Shimo lililokuwa likijaa kwa miaka minane hujaa kwa miwili au mitatu.

Choo cha shimo si adui. Kikichimbwa vizuri, kitako chake kikiwa juu ya kina cha maji kwa mita 2 hivi hata wakati wa masika, na kikiwa mbali na kisima kwa mita zisizopungua 30, ardhi yenyewe huchuja vijidudu vingi kabla havijafika majini. Tabu huanza pale viwanja vinapobanana. Mwenye kiwanja kidogo hawezi kutimiza mita 30, maana kisima cha jirani kiko mita 12 kutoka ukutani kwake. Tena chumvi ya naitrati itokanayo na mkojo haichujwi na udongo kama wanavyochujwa bakteria. Huteremka na maji na kukusanyika mwaka hata mwaka, na Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa kwa ajili ya kuwakinga hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kuchanganya na maji.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Ugonjwa huo haubebwi na upepo. Hupita njia moja tu, kutoka kinyesi cha mtu hadi kinywa cha mwingine, na katika mji usiojua majitaka yake yanakwenda wapi njia hiyo ni fupi mno.

Bomba la majitaka lataka maji

Watu wengi hudhani dawa ya mji ni kulaza mabomba ya majitaka kila mtaa kama ilivyofanywa katikati ya Dar es Salaam wakati wa ukoloni. Dhana hiyo ina walakini. Bomba kubwa la majitaka husukuma uchafu kwa nguvu ya maji yenyewe, na wahandisi huhesabu kwamba pasipokuwa na matumizi yanayokaribia lita 100 kwa mtu kwa siku, uchafu hutuama na bomba kuziba. Nyumba inayochota lita 20 au 30 kwa mtu haiwezi kuliendesha bomba la namna hiyo. Kwa mji wenye kiangazi cha miezi sita, kutumia maji ya thamani kwa kusukumia uchafu ni hesabu ambayo hapana budi ifikiriwe mara mbili.

Kuna njia ya kati. Huko Natal, kaskazini mashariki ya Brazili, mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi walianza kulaza mabomba membamba, yenye kipenyo cha milimita 100 tu, kwa kina kifupi, yakipita nyuma ya nyumba badala ya katikati ya barabara. Gharama ilishuka sana kwa kuwa uchimbaji ulipungua. Katika mtaa wa Orangi, Karachi, kuanzia mwaka 1980 wakazi walilaza wenyewe mabomba ya vichochoro vyao kwa fedha zao, wakiongozwa na Akhtar Hameed Khan. Hata Dar es Salaam, katika eneo la Vingunguti, mabomba membamba ya aina hiyo yamejaribiwa katika makazi yasiyopimwa. Njia hii yafaa kwa mitaa ya Malangali iliyosongamana na yenye maji ya bomba. Mitaa iliyo wazi zaidi itabaki na mashimo kwa miaka mingi ijayo, na mpango wa mji usiohesabu mashimo hayo ni mpango wa karatasi.

Mabwawa na baridi ya Ufipa

Bomba, liwe nene au jembamba, lazima liishie mahali. Hapo ndipo mipango mingi ya miji hukosea: huanza chooni na kufikiri juu ya mwisho baada ya fedha kwisha. Mpango mzuri huanzia mwisho, yaani shambani au mtoni yatakapofika maji, kisha hurudi nyuma hadi nyumbani.

Kwa miji ya Afrika Mashariki njia iliyozoeleka ya kusafisha majitaka ni mabwawa yanayofuatana. Hayana mashine wala dawa, na hayahitaji umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mabwawa yake, Moshi inayo huko Mabogini, Dodoma huko Swaswa, na Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora. Utendaji wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, mita 3 hadi 5. Uchafu mzito hutuama chini na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Bwawa la pili ni pana na lina kina cha mita moja na nusu hivi. Humo mimea midogo mno ya kijani huota majini, hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni mchana kutwa, na bakteria huitumia oksijeni hiyo kula uchafu uliosalia. Ndiyo maana bwawa linalofanya kazi vyema huwa la kijani, na likigeuka jeusi au la rangi ya waridi fundi hujua limeelemewa. Mabwawa ya mwisho ni ya kina kifupi, na kazi yake ni kuua vijidudu. Jua hupenya hadi chini, maji hupoteza uchachu wake kwa kazi ya mimea ile, na bakteria wa matumboni hufa. Mayai ya minyoo ni mazito kuliko maji, nayo huzama polepole yakipewa siku za kutosha.

Kwa hiyo kinachosafisha ni muda, na muda hutegemea joto. Hapa ndipo Ufipa inapotengana na pwani, na mahali ambapo ramani ya mabwawa ya Dar es Salaam haiwezi kunakiliwa tu na kupelekwa Sumbawanga.

Chukua mtaa wa watu 10,000, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku. Asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama majitaka, yaani mita za ujazo 400 kila siku. Kila mtu huongeza gramu 40 hivi za uchafu unaooza, ukipimwa kwa oksijeni inayohitajiwa kuuozesha, na jumla yake ni kilo 400. Mhandisi hupima mabwawa yake kwa wastani wa joto la mwezi wa baridi kuliko yote. Ikiwa wastani huo ni nyuzi 25, kama katika mji wa pwani, kila mita ya ujazo ya bwawa la kwanza hubeba gramu 350 kwa siku na kuondoa asilimia 70 ya uchafu. Bwawa la pili nalo hubeba kilo 350 kwa hekta. Hesabu hutoa bwawa la kwanza la mita za ujazo 1,143 na la pili la thuluthi moja ya hekta. Ikiwa wastani wa mwezi wa baridi ni nyuzi 15, bwawa la kwanza hubeba gramu 200 tu na kuondoa asilimia 50, na la pili hubeba kilo 167 kwa hekta. Bwawa la kwanza hufikia mita za ujazo 2,000, na la pili hekta 1.2. Watu ni wale wale na uchafu ni ule ule, lakini bwawa la pili limekua mara tatu na nusu. Katika pwani maji yangekaa humo siku 13, na katika uwanda wa baridi siku 45.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha somo. Ardhi kubwa kiasi hicho, pamoja na nafasi ya kutenganisha harufu na makazi, ambayo kwa desturi haipungui mita 500, haipatikani katika mji uliokwisha kugawa viwanja. Arusha ilijifunza hilo kwa gharama: mabwawa ya zamani ya Lemara yalizungukwa na nyumba, na mapya yakalazimika kujengwa mbali zaidi. Vingunguti nako wakazi na mabwawa wamebanana. Mji uliokua kwa theluthi moja na zaidi ndani ya miaka 10, kama Sumbawanga, hauna muda mrefu wa kutenga eneo. Eneo la mabwawa lipimwe na kuwekewa mawe ya mipaka sasa, hata kama fedha za kuchimba zitapatikana baada ya miaka 15. Kutenga ardhi hakugharimu sana, ila fidia ya nyumba 200 zilizokwisha kujengwa hugharimu.

Pale ambapo ardhi ni haba, au majitaka yanatoka katika shule ya bweni au chuo, lipo jambo lingine lililothibitika nchini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wa madimbwi ya changarawe yaliyopandwa matete. Majitaka hupita polepole kati ya mawe na mizizi na kutoka yakiwa meupe. Madimbwi ya namna hiyo yalijengwa Iringa, katika Shule ya Sekondari Ruaha na Chuo cha Ualimu Kleruu, na Iringa, kama Sumbawanga, ni mji wa baridi. Matete ya kutumia hayaagizwi kutoka nje. Yamejaa mabondeni.

Matope ya vyoo

Hata mabwawa yakijengwa leo, sehemu kubwa ya uchafu wa Malangali haitapita katika bomba. Itabaki katika mashimo, na mashimo hujaa. Gari la kunyonya majitaka huwafikia wenye njia pana na wenye fedha. Wengine huita watapishaji, wanaofanya kazi usiku kwa ndoo na koleo, bila glavu wala viatu vya mpira, na kuufukia uchafu katika shimo jingine uani au kuumwaga mferejini mvua inaponyesha. Jamii huwacheka na kuwahitaji kwa pamoja. Watu hao wapewe mafunzo, vifaa na leseni, maana kuwakataza bila kuwapa njia nyingine hakujawahi kuondoa shimo lililojaa.

Yafaa pia ifahamike kwamba matope ya choo si majitaka ya kawaida. Uzito wake wa uchafu huweza kuzidi wa majitaka ya bomba mara 10 hadi 100, na magari machache yakimwaga ndani ya bwawa lililopimwa kwa ajili ya bomba, bwawa hufa. Ndiyo sababu Kampala, ilipofungua mitambo yake ya Lubigi mwaka 2014, ilitenga sehemu maalumu ya kupokea matope ya vyoo, mita za ujazo 400 kwa siku, yatuame na kukaushwa juu ya vitanda vya mchanga kabla ya maji yake kuungana na mengine. Mji wenye vyoo vya shimo vingi kuliko mabomba yapasa uanze na vitanda hivyo, ambavyo ni nafuu, kisha mabwawa, kisha mabomba. Utaratibu huo ni kinyume cha unaoonekana katika michoro mingi, lakini ndio unaofuata uchafu ulipo.

Shamba la Mfipa

Miji mikavu ya dunia imekwisha kuacha kuyaona majitaka kuwa takataka. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, husafisha majitaka yake na kuyarudisha katika mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968, na mtambo wake mpya wa mwaka 2002 una uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Maskati, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, humwagilia miti na maua ya barabarani kwa maji ya namna hiyo. Sumbawanga haihitaji kufika huko. Nyuma ya nyumba zake yapo mashamba, na wakulima wake wanasubiri mvua hadi Novemba.

Mita za ujazo 400 kwa siku za mtaa ule wa watu 10,000, baada ya kupungua kwa jua na kuvuja njiani, hutosha kumwagilia hekta 5 hivi za mboga au mahindi katika kiangazi chote. Pamoja na maji huja mbolea. Watafiti wamekadiria kwamba mtu mmoja katika nchi kama Uganda hutoa kwa mwaka kilo 2.5 za naitrojeni na gramu 400 za fosforasi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Basi watu tisa hutoa mfuko mmoja kila mwaka, na ijapokuwa sehemu kubwa hupotea hewani na ardhini, inayosalia si haba kwa mkoa unaolima mahindi na kununua mbolea kila msimu.

Wafipa wenyewe hawahitaji kufundishwa kwamba kilichooza ni chakula cha udongo. Wana kilimo chao cha zamani cha matuta ya duara yaitwayo intumba. Mwishoni mwa masika nyasi hukatwa, hukusanywa na kufukiwa chini ya udongo uliopinduliwa. Zikioza, tuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata husambazwa na kupandwa ulezi. Mkulima wa intumba hajali harufu ya kuoza wala haharakishi kazi yake. Huyu ndiye mtu wa kwanza anayefaa kuelezwa habari za matope yaliyokaushwa, kabla ya ofisa yeyote.

Hata hivyo nyasi hazina mayai ya minyoo, na hapo ndipo tahadhari inapoanza. Yai la mnyoo wa mchango huweza kukaa hai ndani ya matope kwa miezi mingi. Ng'ombe akila majani yaliyonyweshwa majitaka mabichi, au nguruwe akizurura penye kinyesi, minyoo ya tegu huingia katika nyama na kumrudia mlaji. Katika Mabogini, Moshi, maji yanayotoka mabwawani hutumika katika mashamba ya mpunga, na watafiti wa Kitanzania wameyachunguza kwa ajili hiyo hiyo, yaani kujua ni kazi gani ya ziada ifanywe ili mkulima anayesimama majini asidhurike.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1989, liliweka kikomo cha yai moja la mnyoo kwa lita moja ya maji, na bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100 kwa mazao yanayoliwa mabichi. Mwongozo wa mwaka 2006 ulikwenda mbali zaidi, ukakiri kwamba miji maskini haitafikia usafi huo kwa mabwawa peke yake, ukaruhusu ulinzi ugawanywe njiani. Bwawa lifanye sehemu yake. Mkulima aache kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kwa kuwa jua huua vijidudu kila siku inayopita. Maji yaelekezwe katika mifereji ya chini, yasirushwe juu ya majani. Muuzaji aoshe mboga kwa maji safi, jambo linalopunguza vijidudu hadi sehemu moja ya kumi, na mpishi azipike, jambo linaloviua karibu vyote. Mahindi, alizeti na miti ya kuni huvumilia maji ambayo saladi haiyavumilii. Na kabla ya maji kufika mtoni, viwango vya Tanzania vinataka uchafu unaooza usizidi miligramu 30 kwa lita, kiwango ambacho bwawa lililojaa matope halitakifikia kamwe.

Pengine pingamizi kubwa si la kitaalamu. Wapo watakaosema kwamba maji ya chooni ni najisi na hayawi safi tena. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilijadili suala hilo, likatoa rai kwamba majitaka yakisafishwa hadi rangi, ladha na harufu ya najisi zikaondoka, hurudi kuwa tohara. Mkulima wa Ufipa, ambaye mara nyingi ni Mkristo, atakuwa na maswali yake mwenyewe, na yajibiwe kwa subira, si kwa amri.

Kinachowezekana kabla ya mradi

Mabwawa na mabomba ni kazi ya mamlaka ya maji ya Sumbawanga na Manispaa, na mamlaka ya bonde la Ziwa Rukwa ina haki ya kuuliza kila kinachoelekea ziwani. Kwa nini ni lazima iulize, Nakuru huko Kenya inaonyesha: majitaka ya mji yaliyosafishwa huingia katika ziwa lisilo na mto unaotoka, mbele ya macho ya hifadhi ya wanyama, na kila upungufu wa mabwawa hukaa humo pamoja na ndege.

Lakini kaya ya Malangali yenye kiwanja cha wastani haina haja ya kungoja. Badala ya shimo moja refu, ichimbe mawili mafupi, ya mita moja na nusu, chini ya banda jepesi linaloweza kuhamishwa. Moja likijaa, lifunikwe kwa udongo na jingine litumike. Majivu ya jikoni yamwagwe kila baada ya kutumia choo. Mwongozo wa mwaka 2006 unasema kwamba mahali penye joto lililozidi nyuzi 20 kinyesi kikikaa mwaka mmoja na zaidi bila kuongezwa kipya hupoteza hatari yake kubwa, na mahali penye joto la chini ya hapo, kama Ufipa, kinahitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Shimo lililofungwa Novemba, mvua zinapoanza, libaki limefungwa masika yote, kiangazi chote, na masika na kiangazi vinavyofuata. Lifunguliwe Novemba ya pili, wakati jembe linapotolewa kwa ajili ya shamba, na kitakachokutwa ndani yake ni udongo mweusi usio na harufu, wa kuchanganywa na samadi na kutiwa katika mashimo ya mahindi.